Kiti cha pembeni cha Plover ya mwisho

Saa moja na robo asubuhi, Glenys Preece anafumua kiti ambacho jana mchana kilikwisha kupitishwa na mkaguzi. Miwani moja iko puani, nyingine kichwani. Kisu chake kidogo chenye ncha ya ndoano kinakata uzi baada ya uzi, taratibu, kama mtu anayemtoa mtoto mwiba.

Ngozi ya kiti ni ya kijani kilichokolea. Hakuna nyingine. Kipande cha mwisho kilikatwa wiki tatu zilizopita, na rafu ya ngozi sasa ina vumbi tu na kipande cha chaki.

Lori la kuchukua gari linafika saa nne.

“Glenys, niambie unajua unachofanya,” anasema Rosalind Keay, meneja wa karakana. Amesimama mlangoni, koti bado liko mwilini.

“Najua, bibie. Niletee chai.”

Meneja anageuka na kwenda kuleta chai.

Karakana ya Ludbrook imetengeneza gari la Plover hapa Clunbridge kwa miaka 71. Ni gari la spoti la zamani hasa: viti viwili, boneti ndefu, fremu ya mbao, bati lililopigwa kwa nyundo, na mlango usiofunga mpaka uuvute mara mbili. Kwa wiki hutoka magari mawili, hayazidi.

Kiwanda kikubwa kilichokuwa kikiwauzia injini kimeacha kuitengeneza. Injini nyingine haiingii chini ya boneti hiyo bila kulibadilisha gari zima. Kwa hiyo gari lililoegeshwa katikati ya karakana, likiwa na tundu upande wa kushoto mahali pa kiti, ndilo la mwisho. Ijumaa wafanyakazi 34 watarudisha funguo za makabati yao.

Bi Glenys ana miaka 61. Aliingia hapa akiwa na miaka 30, akitokea duka la mapazia, na tangu hapo ameshona viti karibu elfu sita. Mshahara wake ni pauni 540 kwa wiki. Plover moja inauzwa pauni 61,000.

“Sikulitamani liwe langu,” anasema. “Ningeliweka wapi? Lakini kuna kitu nilitaka kujua.”

Kitu chenyewe kimejificha ndani ya kiti. Aliyemfundisha kazi, marehemu Winnie Gough, alikuwa akiweka kijimto cha singa za mkia wa farasi, kinene kama kidole gumba, kwenye ukingo wa mbele pale goti linapokunjwa. Hakimo katika mchoro wowote wa ofisini. Bi Winnie alisema kinapumzisha miguu ya msafiri. Glenys aliamini, akaendelea kukiweka.

“Miaka thelathini na moja nimekiweka, na sijawahi kukikalia hata maili moja,” anasema. “Kukaa kwenye kiti kikiwa mezani si sawa na kukikalia barabarani.”

Bima ya karakana inaruhusu mtu mmoja tu kuendesha magari mapya, naye ni Alwyn Tudge, mjaribu magari, mwenye miaka 64 na urefu wa futi sita na inchi tatu. Kila Plover huiendesha maili kumi na mbili, juu mpaka kilimani na kurudi, kabla haijakabidhiwa.

Kiti cha pembeni hukaliwa na Cyril.

Cyril ni mfuko wa mchanga wa kilo sabini. Kitabu cha majaribio kinataka uzito huo upande wa msafiri ili springi zikae sawa. Mafundi wamemchorea macho, na kila Krismasi humfunga skafu. Ameendeshwa katika Plover zaidi ya elfu mbili.

“Na hajawahi kulalamika,” anasema Alwyn. “Abiria bora kuliko wote. Dada yangu nikimpeleka sokoni tu, ananifundisha udereva.”

Juzi, wakati wa chai, Glenys alisema kwa sauti ya kawaida, huku akikata keki, kwamba ataondoka hapa bila kujua kama kile kijimto kina faida. Hakuwa anaomba. Lakini Alwyn aliacha kutafuna.

Jana saa nane mchana akaingia ofisini kwa Rosalind na kitabu cha majaribio mkononi.

“Soma hapa. Kilo sabini upande wa msafiri. Wapi pameandikwa mchanga?”

“Alwyn, usinianzie.”

“Nauliza tu. Pameandikwa?”

Rosalind alisoma mara mbili. Kisha akapiga simu kwa watu wa bima. Aliongea nao dakika ishirini, mlango umefungwa, na alipotoka alisema neno moja: “Mpimeni.”

Walimpima Glenys kwenye mizani ya ngozi. Kilo hamsini na saba, pamoja na viatu na aproni.

“Unakula nini wewe, uzi?” akauliza fundi bati mmoja.

Zilipungua kilo kumi na tatu. Wakamfungua Cyril shingoni, wakamimina mchanga kwenye mfuko wa kununulia vitu sokoni, na Glenys akaingia garini akiupakata kama mjukuu. Alwyn alimpa kofia yake ya sufu, kwa kuwa upepo wa kilimani hauna adabu.

Maili tatu za kwanza, anasema, alikuwa akicheka. Hakujua kwamba mtu hukaa chini namna ile, karibu aguse barabara, kondoo wakimtazama kutoka juu. Hakujua kwamba ngozi anayoishona hutoa mlio gari linapokunja kona.

Maili ya sita alinyamaza. Maili ya tisa akamwambia Alwyn asimamishe gari.

“Una nini? Kichefuchefu?”

“Miguu imekufa ganzi. Wewe je?”

“Mimi? Miaka ishirini na sita nateremka hapa kama nimetoka kitandani. Nyumbani kiti cha sebuleni kinaniumiza mgongo, hiki hapana. Nilidhani gari lilitengenezwa kwa ajili yangu.”

Glenys aliteremka, akazunguka, akatazama magoti ya Alwyn yalivyokaa, kisha akatazama yake. Hapo kando ya barabara akaelewa. Kijimto cha Bi Winnie kilikuwa na faida, kubwa kuliko alivyodhani, ila kwa watu warefu. Mtu mfupi kinambana sana nyuma ya goti, kama kamba. Kilitakiwa kirudi ndani inchi moja.

Na hakuna aliyewahi kusema, kwa sababu mrefu ndiye alikuwa dereva na pembeni alikaa mfuko.

“Alwyn alicheka mpaka akaegemea boneti,” anasimulia. “Mimi sikucheka. Nilikuwa nawafikiria watu wote waliokaa pale.”

Waliporudi alifungua faili la oda. Fomu inauliza urefu wa dereva, urefu wa mikono yake, hata saizi ya kiatu chake. Kuhusu anayekaa pembeni haiulizi chochote. Mnunuzi wa gari hili ni daktari wa mifugo mstaafu wa Leominster, Bwana Oakden, ambaye anayo Plover nyingine tangu miaka ishirini na miwili iliyopita.

Glenys akapiga simu. Akapokea mkewe, Marjorie.

“Samahani mama, napiga kutoka Ludbrook. Una urefu gani?”

“Mimi? Futi tano kasoro inchi moja. Kwani gari halinitaki?”

“Lile mlilonalo, unakaaje ndani yake?”

Bi Marjorie akasema kwamba yeye hukalia sweta lililokunjwa mara nne. Ametumia masweta mawili mpaka yakaisha. Mumewe humwambia atazoea.

“Nilidhani ni miguu yangu,” alisema. “Hakuna aliyeniuliza.”

Ndiyo maana kiti kimefumuliwa asubuhi hii.

Kukifumua ni kazi rahisi. Tatizo ni kwamba tundu la sindano kwenye ngozi halifungi tena. Akitoboa jipya, doa litabaki hapo maisha yote. Kwa hiyo lazima akisogeze kijimto ndani, akipunguze unene, kisha arudishe sindano katika matundu yale yale 214, kwa mkono, kwa mpangilio ule ule. Cherehani haiwezi kuona matundu ya zamani.

Saa mbili na nusu Rosalind anawasha hita ndogo na kuiweka karibu na miguu ya fundi wake. Hakuna aliyemwambia. Saa tatu fundi bati anaacha kupiga bati kwa sababu meza ya Glenys inatetemeka. Anakaa tu, mikono mapajani, karakana nzima ikisikia uzi ukipita.

Lori linafika saa nne kasoro dakika tano.

“Dakika kumi na tano,” Glenys anasema bila kuinua kichwa.

“Mpe dereva keki,” Rosalind anamwambia Alwyn.

“Keki imekwisha.”

“Basi mpe maneno. Wewe hayakwishi.”

Alwyn anamwonyesha dereva wa lori kila skrubu ya gari lile. Saa nne na dakika ishirini kiti kinaingia mahali pake. Glenys anakikalia, anafumba macho, anahesabu kimyakimya kwa muda mrefu. Kisha anateremka na kupangusa ngozi kwa upindo wa aproni yake.

“Kipelekeni,” anasema.

Hapa Clunbridge mtu akistaafu wenzake humsindikiza kwa kugonga meza zao kwa nyundo na spana mpaka atoke getini. Hawajawahi kuligongea gari. Leo, lori linapoanza kusogea, fundi bati anagonga mara moja, kama anayejaribu, na baadaye wote wanagonga. Ila wengi wao hawatazami lori. Wanamtazama Glenys, naye anatafuta miwani iliyo kichwani mwake.

Kuanzia mwezi ujao atafanya kazi kwenye gereji iliyo nyuma ya nyumba yake. Rosalind amemwachia cherehani kubwa na magunia mawili ya singa. Plover ambazo bado zinatembea zinafikia elfu mbili hivi, na amekwisha kuandika tangazo la jarida la wamiliki kwa mkono wake mwenyewe. Linasema viti vya pembeni vitarekebishwa, na anayevikalia aje mwenyewe.

Plover ya zamani ya Bwana Oakden ndiyo ya kwanza kwenye orodha. Bi Marjorie ameahidi kuja na sweta lake, ili Glenys aone jinsi anavyolikunja.

“Dereva atasubiri nje na Cyril,” anasema Bi Glenys. “Nitaanza na wa pembeni.”