Mashuka ya Wodi ya Tano

Hospitalini walimwita Inspekta, na aliyembandika jina hilo alidhani anamtania. Shangazi yangu alilipokea kama cheo. Alikuwa dobi pale kwa miaka kumi na tisa, na shuka lilikuwa haliingii kwenye mashine yake kabla hajalitandaza juu ya meza ya bati na kulikagua kwa koleo refu, pindo kwa pindo. Wenzake walilalamika kwamba anawachelewesha. Aliwajibu kuwa haraka haraka haina baraka, akaendelea na mwendo wake wa kinyonga. Mimi nilimwonea aibu, nakiri. Nilikuwa mwanafunzi wa uuguzi, mwaka wa pili, na nikikutana naye koridoni nilimwamkia chini chini na kupita.

Alichokuwa akikitafuta, kila mtu pale alikijua. Madaktari wetu walikuwa na tabia yao. Daktari akishatoa damu, mikono imejaa vichupa, huichomeka sindano kwenye godoro mara moja tu, ili aandike jina la mgonjwa. Hajamaliza kuandika, ameitwa kitanda kingine, na sindano imebaki. Ndoo ya sindano ilikuwepo, lakini mwisho wa wodi, karibu na sinki, na hakuna aliyekuwa na muda wa kutembea hatua ishirini.

Asubuhi moja, saa tatu, nilikuwa natandika wodi ya tano. Nilivuta shuka la kitanda cha nne, kitu kikapenya glavu na kunichoma kiganjani. Nilipoona damu nilibinya kiganja kwa nguvu kama mjinga, halafu nikakimbilia kwa matroni, msimamizi wa wodi. Akafunga mlango.

"Umetandika bila kuangalia," alisema. "Nikiandika ajali hii, wewe unarudia mazoezi muhula mzima, na wodi yangu inaonekana chafu. Nenda kanawe, urudi kazini. Jambo dogo hili."

Nikatoka na jambo dogo langu. Sikujua niende wapi, miguu ikanipeleka chumba cha kufulia.

Shangazi alinishika mkono, akafungua bomba, akanipaka sabuni, akaacha maji yatiririke mpaka vidole vikaniganda. "Usibinye!" alinikaripia. "Sindano ya nani?"

"Ya kitanda cha nne. Mgonjwa bado hajapimwa." Nikaanza kulia.

"Utalia baadaye. Dawa ya kuzuia virusi inataka kumezwa mapema, kila saa inayopita inakula bahati yako. Twende."

"Matroni amekataa, shangazi."

"Kwani matroni ni Mungu?"

Alizima mashine, mashuka yamo ndani. Akavuta dumu la plastiki kutoka chini ya meza, akapanda ngazi na nguo zake zilizolowa, viatu vya mpira vikilia sakafuni. Hakubisha hodi. Alilitua dumu juu ya makaratasi ya matroni, likachakacha. Ndani mlikuwa na sindano zilizotumika. Nje alikuwa amebandika plasta na kuandika tarehe, kwa mwandiko wake wa darasa la nne.

"Hizi ni za wodi yako peke yake, tangu mwaka juzi," alisema. "Arobaini na moja. Mbili nilizichomoa kwenye mkono wangu, na hakuna aliyeniuliza hali."

"Wewe ni dobi. Kazi yako mashuka."

"Kazi yangu damu, dada. Mnaimwaga huku juu, inanifikia mimi kule chini. Toa fomu ya ajali ya mtoto huyu. Isipotoka, leo wagonjwa wako watalalia magodoro matupu, na wakiuliza kwa nini, nitawaeleza mimi mwenyewe, kitanda kwa kitanda."

Nilitamani ardhi inimeze. Matroni alilitazama dumu, akatazama saa. Ilikuwa inakaribia saa nne. Akavuta fomu, akaandika upesi upesi, akanisukumia.

"Weka sahihi. Bila karatasi hii, duka la dawa halikupi hata kidonge kimoja."

Kwenye sababu ya ajali alikuwa ameandika: uzembe wa mwanafunzi.

Nilikuwa karibu kusaini. Dawa ilikuwa ghorofa moja tu chini yetu, na hofu haina mwenyewe. Nilimtazama shangazi nikitaka anisemee, yeye akanionyesha kalamu kwa kidevu. Alikuwa ameegemea mlango, ameuziba wote kwa mwili wake. Hapo hasira ikanipanda, hasira ya kweli, kwa neno lile la uzembe.

Nikayakata maneno yale kwa mistari miwili. Juu yake nikaandika: Sindano iliyotumika iliachwa kwenye godoro na daktari wa zamu.

"Utafukuzwa chuo," matroni alisema.

"Nitafukuzwa nikiwa nimeshameza dawa," nikamjibu. Nikaweka sahihi yangu, nikamgeuzia fomu aweke yake.