Sili Nyuma ya Sproketi

Baba mkwe wangu haongei nami ana kwa ana. Kwetu Wakurya mke wa mtoto na baba mkwe hawazoeani. Akiwa na la kuniambia, humwambia ng'ombe huku nasikia. Asubuhi ile alimwambia ng'ombe mweupe kuwa amechoka na pikipiki inayovuja oili uani kwake. Jumamosi mnunuzi anakuja kuichukua.

Pikipiki hiyo ni ya porini, ndefu, yenye matairi ya meno. Mume wangu aliiacha hapa Susuni alipokwenda kufanya kazi Mwanza, na ndiyo inayonifikisha mjini Bomani kuuza maziwa. Ikiuzwa, narudi kubeba madumu kichwani. Nilikasirika mpaka yule ng'ombe nikamchukia.

Nilinunua sili mpya, ile pete ya mpira inayozuia oili isivuje kwenye shafti ya injini, nikailaza pikipiki ubavu ili oili isimwagike, nikatoa mnyororo na sproketi ya mbele, gurudumu dogo la meno linalouzungusha. Sili iliyochoka niliichokonoa kwa bisibisi taratibu, maana ukikwaruza shafti umejitafutia balaa. Meno ya shafti niliyafunika kwa nailoni ya pakiti ya chumvi yasije yakachana mpira. Kisha nikaipaka sili mpya oili, nikaisukumiza mahali pake, nikaweka ile ya zamani juu yake na kugonga kidogo kidogo kwa mchi, nikizunguka, mpaka ikakaa sawa.

Baba mkwe akapita. Nikainuka kumpisha, mchi mkononi, mikono myeusi hadi kwenye viwiko.

“Siku hizi mchi ni nyundo,” akamwambia ng'ombe.

“Mwambie jioni mchi utatwanga kama kawaida,” nami nikamwambia ng'ombe.

Jumamosi nilipeleka maziwa, nikarudi, nikaiegesha pikipiki juu ya boksi lililokunjuliwa. Mnunuzi alipofika alipiga magoti, akapitisha kidole chini ya injini. Kikavu. Boksi nalo halikuwa na tone. Akasema anaichukua leo leo.

“Mura, haiuzwi,” baba mkwe akamwambia kijana yule.

“Mzee, si ulisema inavuja?”

“Ilikuwa inavuja. Nina fundi hapa nyumbani. Mke wa mwanangu.”

Ng'ombe walikuwa malishoni. Maneno hayo aliyasema kwa sauti ya kufika jikoni, na mimi jikoni nilisimama na mfuniko wa sufuria mkononi, ugali ukiungua.