Besi ya Nyuzi Tano na Bisibisi ya Mume Wangu

Mume wangu ni fundi wa pampu za maji, na hakiamini chochote kinachotoa mlio mpaka akiwekee bisibisi. Ncha anaigusisha kwenye chuma, mpini anaubana kwenye mfupa nyuma ya sikio la kushoto, anafumba macho, kisha anautaja ugonjwa. Ameshaipima hivyo friji yetu na cherehani yangu ya kazi. Siku moja nilimkuta anamnyemelea baba yangu mzazi aliyekuwa anakoroma kwenye kochi, nikamfukuza sebuleni.

Jumamosi mchana anavua ovaroli na kuwa mpiga besi. Bendi yao ya roki nzito ina watu wanne, wote wenye mvi, na mazoezi wanafanyia kwenye stoo nyuma ya karakana. Anayeimba ni wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, muuguzi anayeweza kuinyamazisha wodi nzima kwa kukohoa tu. Mpiga ngoma tunamwita Mjusi. Kila wimbo unapokaribia kiitikio humkodolea macho mume wangu, akanyanyua kichwa, akakishusha, akakinyanyua tena. Wamekua pamoja na kwa haki ningemwita shemeji, lakini mbwembwe zile zilinikera, nikabaki na Mjusi.

Mwaka huu sauti ya wifi ilishuka. Ikabidi nyimbo zote zishushwe zimfuate, na besi ya mume wangu, yenye nyuzi nne, haikufika huko chini. Ukiulegeza uzi mnene unapwaya kama kamba ya kuanikia nguo.

"Mdogo wangu, katafute ya nyuzi tano," wifi akaamuru. "Isiwe ya bei ya kukuuza wewe na mkeo. Lakini iwe inanguruma."

Mimi nilikuwa na hofu yangu nyingine. Sikio la kulia la mume wangu lilikuwa limeanza kumtupa. Nikimwita kutoka upande ule anaendelea na gazeti lake kama sipo. Miaka ishirini na tano ya kuinamia mapampu ilikuwa imelila taratibu. Yeye hakusema, na mimi sikuuliza. Niliogopa kwamba atafika dukani, apigiwe besi, agundue haisikii vizuri, arudi nyumbani na kuutundika muziki moja kwa moja. Mume wangu asiye na Jumamosi zake simjui, na sikutaka kumjua. Nikafunga kibanda changu cha kushonea, nikamfuata.

Muuzaji alikuwa na maneno mengi na kola iliyoshonwa vibaya. Kabla hatujakaa alishatuletea besi nyekundu inayong'aa, yenye vifundo vingi vya kuzungusha na betri ndani. Akafungulia spika mpaka vioo vya kabati vikatetemeka.

"Mzee, umeupata huo uzito?"

Mume wangu akatabasamu. Tabasamu lile nalijua, ndilo analompa mchungaji wa mahubiri marefu.

"Zima," akasema.

"Nizime nini, mzee?"

"Spika. Kizuri chajiuza. Acha kijiuze chenyewe."

Akachomoa bisibisi mfukoni. Muuzaji alinitazama mimi, mimi nikatazama dari. Mume wangu akagusisha ncha kwenye kile chuma kinachoshikilia nyuzi, mpini kwenye sikio la kushoto, akaupiga uzi wa tano.

"Huu uzi umechoka kabla hatujaanza safari. Shingo ni fupi, hauvutiki ukakaza." Kisha akaivaa kwa mkanda na kuiachia. Shingo ikainama yenyewe kuelekea sakafuni. "Na kichwa kizito. Nitakuwa napiga au nabeba?"

Pembeni, nyuma ya vinanda, kulikuwa na nyingine ya kahawia, iliyokwisha kutumika. Rangi ilikuwa imebanduka kwenye pembe, na uzito wake si wa mchezo, lakini shingo yake ilikuwa ndefu na bei tungeiweza. Nikafanya kazi yangu: nikapitisha ukucha pale shingo inapoungana na mwili, kama ninavyokagua mshono wa suti. Ukucha haukupata pa kuingia.

"Mshono umekaa," nikamwambia.

Aliijaribu kutoka juu mpaka chini, kila mstari wa shingo, bila haraka. Halafu akahamisha bisibisi. Akaiweka nyuma ya sikio la kulia.

Nilikuwa sijawahi kumwona akifanya hivyo. Akaupiga uzi wa tano na kungoja mpaka ukafa wenyewe, na ulichukua muda mrefu kufa. Alipofumbua macho uso wake ulikuwa umelegea.

"Fundi," akasema, maana ndivyo tunavyoitana nyumbani, "upande huu sauti nyembamba zimekwisha. Hii nene bado inapita mfupani."

"Najua kuhusu sikio."

"Tangu lini?"

"Tangu mvua za mwaka jana."

"Na hukusema."

"Wewe ulisema?"

Akacheka, nami nikacheka. Tukainunua ile ya kahawia.

Jumamosi nilimsindikiza stoo. Hakuchomeka waya kwanza. Alisimama mbele ya wenzake, besi imemning'inia, kama mwanafunzi aliyevunja dirisha.

"Jamani, sikio langu la kulia limekwisha. Mambo mengi kwenye nyimbo hayanifikii tena. Kama mnataka kutafuta mtu mwingine, mniambie leo."

Mpiga gitaa akainamia nyuzi zake. Wifi akatazama viatu vyake. Mjusi ndiye aliyejibu, huku akikaza kiti chake.

"Tunajua. Huu mwaka wa pili. Unadhani nakutikisia kichwa kwa ajili ya nini?"

Mume wangu akachomeka waya, akaegemeza kidevu kwenye pembe ya besi, pale rangi ilipobanduka, na wakaanza. Karibu na kiitikio Mjusi akanyanyua kichwa, akakishusha, akakinyanyua tena, na wote wanne wakaingia pamoja mpaka sakafu ikatikisika miguuni mwangu.

Walipopumzika nikamimina chai, na kikombe cha kwanza nikakipeleka kule kwenye ngoma.

"Karibu chai, shemeji," nikamwambia.