Rubani Aliyemrudia Mwenzake

Sina nguvu ya kubishana na mtu. Ukitaka amini, usipotaka acha. Mimi nilikuwepo, ilikuwa saa nane mchana, na sikuwa nimeonja pombe.

Enzi tunachimba dhahabu, mwenzangu Shija alikuwa pia mtafsiri kwenye kibanda umiza hapa Runzewe. Filamu inaonyeshwa, yeye kashika maiki, anatueleza kinachosemwa. Kiingereza hakujua hata cha kuombea maji, lakini nani alijali? Ile filamu maarufu ya safari ya anga za mbali aliitafsiri mpaka wachimbaji wazima wakalia. Mwishoni rubani anamfungia mwenzake nje ya chombo, anaondoka, na picha inakwisha. Shija akaendelea kusema gizani: roho imemsuta, kageuza chombo, kamrudia! Tulisimama tukapiga makofi.

Shija alifia duarani, kwenye shimo letu la dhahabu. Udongo ulipoanza kuporomoka yeye alikuwa chini, mimi juu nimeshika kamba yake. Niliiachia nikakimbia. Watu niliwaambia ilikatika.

Mwaka jana wakairudisha filamu ile, safari hii ina maandishi ya Kiswahili chini. Nikaingia nikiwa hoi, nikitaka kumkumbuka tu. Niamini, ilinichosha. Saa nzima watu wa kwenye filamu wanabishana kuhusu mitambo, hakuna kicheko, hakuna utani wa Kisukuma. Ndiyo hii iliyotutoa machozi? Na rubani kafunga mlango, kaenda zake. Maandishi hayakusema popote kwamba alirudi.

"Kumbe Shija alitudanganya," nikasema kwa sauti.

Mle ndani tulikuwa wawili. Mwanamume wa benchi la mbele, mwenye mabuti ya tope, akajibu bila kugeuka. Sauti ilikuwa ya Shija. Ningeisahauje?

"Sikudanganya, nyanda wangu. Kiingereza sikujua. Nilidhani mtu akimwacha mwenzake, lazima atarudi."

Nilifumba macho kwa hofu. Nilipofumbua, benchi lilikuwa tupu na chini pana tope bichi, wakati mvua ilikuwa haijanyesha miezi mitatu.

Uchimbaji nimeacha. Nilikwenda kwa mama yake nikamwambia ukweli wa ile kamba. Hakunitukana. Siku hizi nikimwamkia shikamoo ananitazama tu, haitikii, nami naona aibu mpaka leo.

Kwa hiyo sikia, wewe unayenisikiliza: kama yupo uliyemwacha, mrudie angali hai. Mimi nilichelewa.