Nyekundu Huchomoka, Nyeusi Huvuta

Hilaria hakukanyaga shule hata siku moja, lakini Endasak nzima hakuna aliyezijua zile pikipiki mbili kama yeye. Alizijua kwa masikio, na masikio yake yalifundishwa na kipigo.

Nyekundu ilikuwa ya mumewe, Lukasi. Injini yake ya cc mia na ishirini na tano, nyepesi, moja ya zile za Kichina zilizojaa Hanang miaka michache baada ya mkoa wa Manyara kuanzishwa. Nyeusi ilikuwa ya jirani yao Margwe, mia na hamsini, nzito kama dume la ng'ombe. Jumapili baada ya misa wanaume hao walishindana kutoka barabara kuu hadi kanisani, kilometa moja ya kupanda tu, na Hilaria aliwasikiliza akiwa jikoni. Nyekundu ilichomoka kwanza, ikalia peke yake mbele. Mlima ulipokaza, sauti yake ilianza kukatika kama mtu anayekabwa koo. Hapo ndipo nyeusi, iliyoanza kivivu, ilipokuja ikiunguruma, haina haraka, inavuta. Ikivuka korongo la katikati ikiwa mbele, Hilaria aliepua chungu, akakaza kitenge kiunoni, akangoja. Maana Lukasi akishindwa na Margwe hakumpiga Margwe.

Jino la mbele lilitoka Jumapili ya Matawi. Kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto kilivunjika siku ya Pentekoste. Alikuwa ameolewa kutoka kijiji cha Daudi akiwa na miaka kumi na sita, sasa ana arobaini na mitatu, na ngumi alizijua kabla pikipiki haijaja. Ila zamani zilikuja zinapotaka. Pikipiki ilizipangia siku.

Mwaka ule, baada ya kuvuna, Lukasi alipata hoja mpya.

"Pikipiki ni ya kubeba mtu," alimwambia Margwe mbele ya watu. "Kukimbia mtupu si kazi. Tupakie wake zetu, uzito uwe sawa, tuone ipi ina nguvu."

"Wake zetu hawalingani, bwana," alisema Margwe. "Huyu Letisia wangu ni wa Dongobesh. Anakula."

Watu walicheka. Lukasi hakucheka. Jumamosi alitundika mnyororo wa zamani wa pikipiki kwenye msumari nyuma ya mlango.

"Kesho ukinitia aibu," alimwambia mkewe, "huu utakuhesabia mbavu moja moja."

Hilaria aliuangalia. Ulikuwa bado na grisi. Alijua kwamba huo si wa kung'oa jino. Huo ni wa kuzikwa.

Jumapili walipimwa kwa mzee Tluway, kwenye mizani yake ya kununulia maharage, ile inayoning'inia kwenye boriti. Mke aliketi ndani ya gunia lililofungwa kamba, akainuliwa, akazungukazunguka hewani huku wanaume wakisoma mshale.

"Shikamoo, mzee," alisema Hilaria, miguu ikiwa hewani.

"Marahaba, mama. Usijitikise. Kilo hamsini na nane." Alipoketi Letisia, mshale ulifika sabini.

"Hamsini na nane!" alisema Lukasi. "Chakula changu ninachokupa kinakwenda wapi wewe?"

Wakamwongezea mawe. Kilo kumi na mbili ndani ya kiroba, wakamfunga mgongoni kwa kanga, pale pale ambapo alimbebea binti yake Paskalina. Letisia alimtazama, akageuza macho.

Hilaria alipanda nyuma ya mumewe. Alitaka Lukasi ashinde. Hakuna mtu siku ile aliyetaka nyekundu ishinde kuliko yeye. Kwa hiyo alifanya jambo ambalo hajawahi kulifanya: alimwambia anachokijua.

"Baba Paskalina, ukikaribia korongo shusha gia mapema. Wewe huwa unangoja mpaka inachoka. Ukiishusha ikiwa na pumzi, Margwe hakupati."

Kofi lilimkuta kabla hajafunga mdomo, la nyuma ya mkono, pete ikampasua mdomo.

"Utanifundisha wewe? Wewe usiyejua kusoma jina lako?"

"Mwache, tuanze!" mtu alipiga kelele. "Huyo rubani wako akivimba atazidi uzito!"

Wakacheka tena. Tluway akashusha mkono, injini zikanguruma.

Nyekundu ilichomoka. Urefu wa pikipiki mbili, tatu. Vumbi lilimfunika Margwe. Mlima ukakaza, na Hilaria, damu ikimtiririka kidevuni, akasikia sauti inaanza kukatika. Shusha sasa, alisema moyoni. Lukasi hakushusha. Nyeusi ilikuwa inakuja nyuma na ule mngurumo wake mzito. Shusha. Ndani ya korongo injini ikakaribia kuzima, ndipo Lukasi akashusha mpaka gia ya kwanza kwa pupa, akavuta mafuta yote mara moja.

Hilaria alihisi gurudumu la mbele linataka kuinuka. Angemlalia Lukasi mgongoni, lingetulia. Aliwaza ule mnyororo. Kisha akajilaza nyuma, yeye na mawe yake yote.

Pikipiki ilisimama wima kama farasi, ikawaangukia. Hilaria alitupwa pembeni, kiroba kikapasuka, goti likachanika hadi nyama. Lukasi alibaki chini, mkono wa kulia umekunjwa vibaya, bomba la moshi limelala pajani. Alilia kama mbuzi anayechinjwa. Nyama ilinuka.

"Nitoe! Mama Paskalina, nitoe!"

Hilaria alisimama hatua mbili kutoka pale, akamtazama, mpaka wanaume walipofika mbio wakaiinua.

"Ameniangusha huyu!" Lukasi alipiga kelele. "Amefanya makusudi!"

"Ni mawe yamemvuta," alisema mzee Tluway haraka.

"Si mawe," alisema Hilaria. "Nimelala nyuma mwenyewe."

Halafu Margwe, aliyekuwa amerudi, akaangalia alama za matairi, akashindwa kujizuia.

"Mama Paskalina, wewe ulikuwa juu yake. Nilikuwa nakupata au bado?"

"Ulikuwa unanipata. Angeshusha gia nilipomwambia, ungemeza vumbi mpaka kanisani."

"Nitakuua," alisema Lukasi kutoka chini.

"Kwa mkono upi?"

Mfupa wa bega ulipona umepinda, na mkono wa kulia haukupanda tena juu ya kifua. Ule wa kushoto aliujaribu mara moja, msimu wa maharage uliofuata, na Hilaria alimpiga kwa mchi kiunoni mara tatu, akamwacha akitambaa kwenye makapi. Tangu hapo wanakula kila mtu chungu chake. Padre alimwambia atubu, akamjibu kwamba akianza kujuta atakuja.