Alama Tisa Kwenye Ukuta wa Lindi

Tuliondoka Kawangware kwa sababu ya ghorofa. Mtu alijenga nyumba za kupangisha zikabanana na uwanja wa shule yetu, na tangu hapo jua hutufikia karibu adhuhuri. Mimi ndiye ticha wa klabu ya sayansi, na nilitaka vijana wangu wapime mwendo wa kivuli asubuhi nzima. Nikakumbuka ploti ya Mama Zainabu kule mtaa wa Lindi, Kibera, nilikopanga chumba zamani: ukuta mrefu, nguzo ya stima mbele yake, na anga wazi.

Jumamosi hiyo ya Agosti, saa kumi na mbili na nusu, walijitokeza wawili tu. Wengine walishikwa na homa ya ghafla, ile inayoletwa na kuambiwa tutaenda kwa miguu. Brayo alikuja kwa sababu alisikia kuna chai. Mwende, wa miaka kumi na tano, alikuja na mama yake, anayeuza mboga ya sukuma wiki hapo stejini, matatu zinaposimama.

"Mwalimu," mama akaniambia, "leo nimekupa Mwende. Lakini akirudi bila kitu cha maana, hiyo klabu imeisha. Atanisaidia kibandani kila Jumamosi."

Mwende ndiye mwanafunzi pekee anayeniuliza swali mpaka nikatafute kitabu. Kumpoteza kungeniuma sana.

Tukikaribia Ngong Road niliwakumbusha sheria ya klabu: sema ulichoona kabla ya kusema sababu.

"Ticha, naona jamaa amefukuzwa na bibi yake," Brayo akasema.

"Umeona nini?"

"Amefukuzwa, si unaona?"

"Brayo! Umeona nini?"

"Aah, sawa. Naona jamaa amebeba godoro."

"Hapo sasa."

Saa moja na nusu tulikuwa Lindi. Mama Zainabu alitupokea kwa chai na gurusa, vile vyapati laini vya Wanubi. Brayo alikula saba, nikaona aibu kwa niaba ya Kawangware nzima.

"Ukuta ni wenu, Mwalimu. Msiuangushe tu," Mama Zainabu akacheka, akachukua kikapu chake akaenda sokoni Makina.

Kazi ikaanza. Kila dakika ishirini Brayo alitangaza saa, na Mwende akachora X pale kivuli cha nguzo kilipofika. Tulitumia chaki nyekundu kwa sababu nyeupe zilikuwa zimeisha. Kivuli kilitambaa, kikapita mlango wa kwanza, kikapita wa pili. Wapangaji walisimama kwa mbali wakitutazama na kunong'ona, nami nikafurahi kwamba watu wa Lindi wanapenda sayansi.

Saa nne na dakika arobaini, alama zilipofika tisa, Brayo akaniita.

"Ticha, naona mwanaume amebeba godoro."

"Vizuri! Na nini kingine?"

"Naona mama amebeba jiko. Naona watu wanang'oa mlango."

Nikageuka. Mlango wa pili ulikuwa tayari umelala chini. Fundi viatu wa chumba hicho alinijia na nyundo mkononi. "Barabara inapita hapa? Mbona hamkutupea notisi?"

Hapo ndipo akili iliponirudia. X nyekundu kwenye ukuta wa Kibera ina maana moja tu: nyumba itabomolewa. Niliishi hapo miaka minne, najua, na bado nikampa mtoto chaki nyekundu. Ujinga gani huo!

Nikafungua mdomo, nikaharibu zaidi. "Msiogope jamani, ni utafiti tu!"

"Utafiti!" mama wa jiko akapiga mayowe. "Si huwa wanaanza hivyo hivyo?"

Wakatuzunguka. Fundi viatu akanishika kola. Ndipo Mwende akapanda juu ya ndoo.

"Poleni sana. Ni makosa yetu. Hakuna mtu anabomoa. Hizi alama zinafuata kivuli cha nguzo, angalieni wenyewe. Saa tano kamili kitafika..." Akashuka, akapima ukuta kwa shibiri, akaweka kidole. "Hapa. Kisipofika, mtuite waongo."

Mimi, ualimu ukanipanda, nikamsahihisha. "Hapana, Mwende. Nafasi kati ya alama ni sawa. Ni hapa, nyuma kidogo."

"Si sawa, Ticha. Ya kwanza ilikuwa shibiri moja na kitu kidogo. Ya mwisho ni karibu mbili. Zinapanuka."

"Hata wenyewe hawaelewani!" akasema fundi viatu.

Tukangoja, vidole viwili ukutani, changu na cha Mwende. Halafu, haki ya Mungu, likaja wingu. Kivuli kikatoweka.

"Wamekitorosha!" mtu akapaza sauti. Brayo alifumba macho akaomba. Nami niliomba, ticha mzima wa sayansi.

Saa tano, wingu likapita. Kivuli kilikuwa kimenipita mimi, kimelala juu ya kidole cha Mwende. Mwenye godoro alicheka mpaka akaliangusha. Fundi viatu aliniachia kola, akainama kupima zile nafasi kwa shibiri zake mwenyewe, moja baada ya nyingine. Tulisaidia kurudisha mlango, na Mwende akafuta ukuta kwa kitambaa chenye maji.

Saa kumi jioni, Kawangware, mama yake Mwende alikuwa akikatakata sukuma.

"Haya, mmeleta nini?"

Nilikuwa nimeandaa hotuba. Mwende akanitangulia na ukweli wote: chaki, mlango, watu walioogopa. Kisu cha mama kikasimama.

"X nyekundu?"

"Ndiyo, mama."

"Nyumba yetu pia iliandikwa, tulikokaa kabla ya huku. Ulikuwa mdogo. Nilikuwa nafuta kila asubuhi, na bado tinga ilikuja kubomoa."

Mwende hakuwa amewahi kuambiwa. Nilitamani ardhi inimeze. Niliwafundisha kutazama ukuta, na sikuwaza hata mara moja kuwauliza wanaoishi nyuma yake wanaona nini.

"Na za hao watu, mlifuta?"

"Zote."

"Una uhakika?"

"Tisa. Nilikuwa nahesabu nikifuta."

Mama akarudia kukata sukuma. "Basi Jumamosi ijayo aende," akasema, kisha akaninyooshea kiganja. "Lakini hiyo chaki, Mwalimu, leta hapa."

Nikampa yote, hata vile vipande vidogo vya mfukoni.