Upande Ule wa Baltimore

Majina ya watu wote watakaopita humu ninayo kichwani, na ya baba zao, na ya walezi waliowapa hayo majina. Lakini binti yangu ameniambia, "Mama, andika unachotaka, majina ya watu acha." Basi nimeacha. Wenyewe wakisoma watajijua.

Mdogo wangu wa tumbo moja anakaa Baltimore. Mimi nakaa Laurel kwa binti yangu. Ukipata barabara isiyo na foleni, chai ya kwenye chupa haijapoa umeshafika. Lakini tulikuwa tukionana kama watu waliotenganishwa na bahari: Idi kubwa, Idi ndogo, na akifa mtu.

Sababu ni usalama. Binti yangu ni muuguzi, ameshaona watu wakiletwa na majeraha ya kila namna, na Baltimore anaiogopa kama ukoma. Binti wa mdogo wangu, ambaye naye ni mwanangu kwa kuwa mimi ni mama yake mkubwa, anaiogopa Washington. Na kwake yeye Laurel ni Washington, Beltsville ni Washington, kila kilicho kusini ya jiko lake ni Washington. Basi huyu hanipeleki mimi kule, yule hamleti mama yake huku, na kila mmoja ana ushahidi wake ndani ya simu.

Simu ya binti yangu ina kidude kinachompa habari za uhalifu. Kikilia, husoma kwa sauti kama mtu anayesoma tanzia redioni.

"Mama, wamevunja gari."

"Wapi?"

"Baltimore."

Na jinsi anavyolitamka, utadhani gari lenyewe lilikuwa lake. Siku moja kikalia, akasoma kimya, akailaza simu kifudifudi mezani.

"Wamevunja gari tena?" nikamuuliza.

"Eeh."

"Wapi?"

"Hapa nyuma, karibu na duka la matairi."

Nikangoja aseme tuhame. Akachovya mkate kwenye chai. "Ah, hao ni vijana tu."

Mtu akikulisha, mengine unameza pamoja na chakula.

Tena si wao tu. Nenda kwenye shughuli yoyote ya watu wetu, miji ikitajwa utafikiri watu wanatetea wake zao. Tulikuwa kwenye khitma Beltsville, pilau imeshaliwa, watu wanachokoa meno, jamaa mmoja aliyetoka Chicago akaanza.

"Chicago inasingiziwa tu, bibi. Mimi sijaporwa hata kofia. Mambo yote yako upande ule."

"Wewe unakaa upande gani?"

"Huu mwingine."

Mama mmoja wa Houston akadakia. "Kwetu hatuna shida. Kila mtu ana bunduki, kwa hiyo mwizi anaogopa."

Pembeni alikuwepo jirani yetu Mkenya, mwanamke mchangamfu anayetunza wazee. Akaweka sahani chini. "Sasa mama, si mwizi pia ni mtu wa Houston? Yeye si ako nayo?"

Tulicheka mpaka mwalimu aliyesoma dua akageuka. Lakini mimi nilirudi nyumbani na jambo moja. Nimekaa nchi hii, nimekutana na watu wa kila mji mkubwa, na kila mji una upande ule. Mtu anayekaa upande ule, sijamwona.

Sasa, mdogo wangu akafanyiwa upasuaji wa goti. Binti yake anafanya kazi mbili, anatoka alfajiri, anarudi amechoka kama nguo iliyokamuliwa. Mdogo wangu alihitaji mtu wa kumwogesha, kumpikia, na kumwambia ukweli akijifanya anaumwa zaidi. Binti yangu akasema aletwe Laurel. Binti wa kule akasema, "Mama mkubwa, nisamehe sana, mama haendi Washington na goti bovu. Likitokea la kukimbia, atakimbiaje?" Wakapendekeza aajiriwe mtu. Yaani mdogo wangu aogeshwe na mgeni, na mimi niko hai, nina mikono miwili, nimekaa kwenye kochi la Laurel naangalia watu wakipika kwenye televisheni.

Nilifunga begi langu, nikalikalia mlangoni. Binti yangu akilala mimi niko pale, akiamka mimi niko pale. Mkwe wangu, mumewe, ambaye ni mtu wa kompyuta na mwenye adabu nyingi mno, akawa anatokea mlango wa jikoni ili asinipite miguuni. Mwishowe binti yangu akasalimu amri.

"Utakwenda. Utakaa mpaka goti lipone. Lakini mama, nisikilize. Nikisikia jambo moja tu baya kule, moja, nakuja kukuchukua siku hiyo hiyo, goti limepona halijapona."

"Moja," nikasema.

"Hata la jirani."

Nyumba ya mdogo wangu imeungana na zingine ubavu kwa ubavu, mtaa mzima kama meno. Mbele kuna ngazi za mawe, nyuma kuna uchochoro wa mapipa ya taka. Mlango una kufuli juu, kufuli katikati, komeo chini, na mnyororo. Mwanangu yule wa kule alinifundisha kuufungua kama anayenifundisha kuendesha ndege. Mtu akigonga, mpaka nimalize, mdogo wangu anapiga kelele kutoka kwenye kiti chake, "Dada, harakisha, mwenye kuleta dawa anazeeka!"

Jioni wanawake wa mtaa hukaa kwenye ngazi zao. Mwenyeji wao ni mama mmoja wa ng'ambo ya barabara, Mmarekani mweusi wa rika langu, mwili wake mkubwa na sauti yake kubwa zaidi. Kiingereza changu ni cha salamu na bei tu, kwa hiyo mdogo wangu alikuwa akitafsiri kupitia dirishani. Yule mama akauliza natoka wapi. Nikasema Laurel, upande wa Washington. Akashika kifua.

"Anasema pole," mdogo wangu akatafsiri. "Anasema kule watu wananyang'anywa gari wakiwa wamo ndani."

"Mwambie kwetu ni salama."

"Nimemwambia. Anasema wewe ni mwanamke shujaa."

"Muulize mtaa huu je?"

Wakazungumza kwa kirefu. "Anasema hapa hapana neno kabisa. Ila usivuke ile barabara yenye taa. Upande ule ni balaa."

Basi wiki hiyo hiyo akaja kijana wa kumnyoosha mdogo wangu goti, mtaalamu wa mazoezi, kijana mpole. Katika kuzungumza ikatoka kwamba anakaa ng'ambo ya ile barabara yenye taa. Nikaacha kukatakata mchicha. Nikamwambia mdogo wangu amuulize upesi, kwao kukoje.

Akacheka. Kwao shwari, akasema, watu wanajuana. Mama yake ndiye humwonya kila asubuhi awe mwangalifu, maana wagonjwa wake wako upande huu.

Binti yangu alipiga simu ya picha kila siku.

"Mama, geuza simu nione mlango."

Nageuza.

"Nyuma yako kuna nani?"

"Mdogo wangu."

"Na yule mwingine mwenye kilemba?"

"Ni mimi, mwanangu. Kile ni kioo."

Ikawa hivyo, na goti likawa linapona. Mdogo wangu akaanza kutembea na fimbo mpaka chooni, kisha mpaka jikoni bila fimbo, akiiba nyama sufuriani. Tulikuwa tunalala chumba kimoja kama utotoni, tunawasema marehemu wetu. Nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nayo tangu nivuke bahari. Na kila king'ora cha gari la polisi kikipita mbali, nilikuwa naomba tu kipite mbali hivyo hivyo, kisije kikafika masikioni mwa Laurel.

Ndipo mchana mmoja, majani yameanza kudondoka, mdogo wangu amesinzia kitini, mimi nakaanga vitunguu. Nikaona mkono kwenye dirisha la nyuma. Nyuma ya mkono kuna mtu, amevaa koti la kofia, jua liko mgongoni kwake, uso ni giza. Analitikisa dirisha. Analisukuma juu, analiangalia komeo, analitikisa tena.

Nilijua mambo mawili kwa wakati mmoja. La kwanza, mwizi. La pili, narudi Laurel.

Kwetu Korogwe mwizi hafukuzwi na mtu mmoja. Wewe unapiga yowe, basi, kazi yako imekwisha, linalobaki ni la mtaa. Na anayesikia yowe haulizi kwanza. Analipokea, analipeleka mbele, maswali baadaye. Mlango na kufuli zake nisingeuwahi. Nikakimbilia dirisha la mbele, nikalipandisha, nikatoa kichwa chote nje, kilemba kikaanguka, nikapiga.

"Mwiziii! Mwiziii jamaniii!"

Mdogo wangu akaamka. Hakuuliza wapi, hakuuliza nani. Akapokea pale pale kitini, "Mwiziii!" kwa sauti ile ile ya marehemu mama yetu.

Hakuna aliyejua Kiswahili mtaani pale. Lakini yowe ni yowe. Yule mama wa ng'ambo alikuwa anakusanya majani. Akaja na reki yake. Mafundi wa paa wa nyumba ya tatu, Wahispania, wakashuka ngazi kama panya walioonja pilipili. Mimi nawaonyesha kwa mkono: nyuma, nyuma! Wakazunguka uchochoroni. Nikarudi jikoni mbio, vitunguu vinaungua, nasikia mapipa yanaanguka, watu wanabweka Kiingereza na Kihispania, na katikati yake sauti moja nyembamba:

"Mama! Mama, shikamoo! Ni mimi!"

"Marahaba," nikajibu. Mdomo ulijibu wenyewe. Nilishafika kwenye "hujambo" ndipo akili ikawasili.

Nikachungulia. Mkwe wangu. Mume wa binti yangu, mtu wa kompyuta, amebanwa kati ya pipa na ukuta, meno ya reki yako kifuani kwake. Na mimi kichwa wazi. Maskini, hata katika hali ile aliinamisha macho chini asinitazame, na wale mafundi wakadhani anatafuta njia ya kukimbia, wakambana zaidi.

"Unamjua huyu?" Yule mama aliuliza kwa Kiingereza ambacho hata mimi nilikielewa.

"Dada, ni nani?" mdogo wangu akaita kutoka ndani.

"Mkwe!"

"Mkwe wa nani?"

"Wangu!"

"Basi aingie, lakini avue viatu!"

Nilijifunga upande wa kanga kichwani, nikamfungulia. Ilichukua muda, zile kufuli na mnyororo. Akaingia na jani kavu sikioni. Nikampa maji, nikampa wali na vitunguu vilivyoungua, akavila vyote bila kulalamika. Kumbe ametumwa. Binti yangu alimwagiza apite kimya kimya aone kama dirisha la nyuma linafunga, nisijue kama nakaguliwa.

"Alisema nisikusumbue, mama."

"Hukunisumbua, baba. Ongeza wali."

Simu yake ikalia mezani. Binti yangu. Tukaitazama wote watatu. Mdogo wangu akanishika mkono chini ya meza, akaubana. Jambo moja tu baya, hata la jirani. Na hili hapa mtaa mzima umeliona, na mafundi wa paa bado wako kwenye ngazi yetu wanalisimulia upya.

Mkwe akaweka simu sikioni. Hakuweka picha, ana jani sikioni na alama ya reki kwenye koti.

"Nimeliangalia," akasema. "Dirisha zima. Nimelitikisa sana... Halifunguki... Majirani? Majirani wapo." Akameza mate. "Wapo macho. Nasema wako macho kabisa, mke wangu, hata mchana."

Sauti ya binti yangu ikatoka ndogo kwenye simu, hata mimi nikaisikia: "Mbona unahema?"

"Pilipili."

Nikamsogezea glasi ya maji. Mtoto wa watu, hajawahi kusema uongo mbele yangu, na alivyokuwa akiinama juu ya sahani ungedhani anasali. Lakini nilielewa. Angesema kweli, watoto wake wangemcheka mpaka wapate wajukuu.

"Basi sawa," sauti ikasema. "Abaki mpaka goti lipone. Linaendeleaje hilo goti?"

Mkwe akageuka kumtazama mdogo wangu, ambaye asubuhi ile alikuwa amepanda kiti kutafuta mdalasini kabatini. Mdogo wangu akaegemea nyuma, akauvuta mguu polepole kwa mikono miwili kama anayevuta gogo, akaita kwa nguvu ili isikike mpaka Laurel:

"Bado kabisa, mwanangu! Bado kabisa!"